Muulize Mama Stoo: Punguza Gharama Ambazo Mteja Hazioni

Mwezi huu barua karibu zote zimeuliza jambo lile lile: nifanyeje biashara yangu ndogo isimezwe na matumizi? Nimechagua sita. Wanaonisoma kwa mara ya kwanza wajue kwamba nilishika funguo za stoo ya chakula kwenye shule ya bweni Morogoro kabla ya kufungua mgahawa wangu karibu na stendi ya Msamvu, na hadi leo siamini gharama ambayo haijapita kwenye mizani au kwenye daftari. Msimamo wangu mnaujua. Kata kinachoungua, kinachomwagika, kinachooza, kinachowaka bure, na riba. Sahani ya mteja na mshahara wa msaidizi wako viache palepale vilipo.

Shikamoo Mama Stoo. Nauza chipsi Tabata, nina karai moja na jiko la mkaa. Mafuta yananimaliza. Dumu la lita 20 nanunua 90,000 na halifiki siku ya tano. Gunia la viazi nalo limepanda. Rafiki yangu ananishauri nipunguze chipsi kwenye sahani kidogo kidogo, eti wateja hawatagundua. Unasemaje?
*Kijana wa chipsi, Tabata*

Marahaba mwanangu. Watagundua. Mtu anayekula kwako kila jioni akitoka kazini anaijua sahani yako kuliko unavyoijua wewe. Hatakuambia kitu, siku moja atavuka tu barabara. Rafiki yako mwache na ushauri wake, sisi tukae kwenye karai.

Mafuta yako hayaliwi na wateja peke yao. Sehemu kubwa inaharibika kabla ya kufika kwenye sahani, na kinachoyaharibu unakijua: maji, chumvi, chenga, moto uliopitiliza na hewa. Anza na maji. Viazi ukishavikata vioshe kuondoa wanga, kisha vichuje kwenye wavu au chekecheke kubwa mpaka viache kudondosha, na kama una kitambaa safi vipanguse. Kiazi kilichoingia na maji kinayapoza mafuta, unaongeza mkaa ili yachemke tena, na yale maji yenyewe yanayavunja mafuta mapema. Umelipa mara mbili kwa kosa moja. Zile kelele na marusharusha ambayo wauza chipsi wengi huona ni dalili ya moto mzuri, nyingi ni maji.

Chumvi isipite juu ya karai kabisa. Nimeona vijana wanainyunyizia chipsi ikiwa bado kwenye kijiko cha matundu, juu ya mafuta yanayochemka. Weka beseni pembeni, chumvi iishie huko. Chenga nazo zitoe kila unapoepua, maana zikibaki zinaungua, na chenga iliyoungua ndiyo inayoyafanya mafuta kuwa meusi na kutoa ule ukakasi kooni. Usiku ukifunga, subiri mafuta yapoe, yachuje kwa kitambaa kizito, yaweke kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua. Usiyaache kwenye karai wazi hadi kesho.

Kisha tazama karai lenyewe. Karai pana linayaweka mafuta mengi kwenye hewa. Ukipata sufuria jembamba lenye kina, mafuta yale yale yatadumu zaidi na moto utatosha. Na saa zile za mchana ambapo wateja hawapo, usiache karai linachemka likisubiri bahati. Toa nusu ya mkaa, ufunike kwenye chombo cha bati ukose hewa, utazimika wenyewe na utauwasha tena jioni. Ukiumwagia maji umeupoteza. Mafuta yakianza kutoa moshi kabla hujaweka hata kiazi, yamekwisha. Yakitoa povu linalokaa juu bila kuvunjika, yamekwisha pia. Hapo usiyafufue kwa kuongeza mapya juu, maana unaharibu mapya. Mtafute mama anayetengeneza sabuni za kufulia mtaani kwenu, wapo wanaoyachukua mafuta yaliyotumika. Afya ya mtu haiwekwi kwenye hesabu ya kubana matumizi.

Sasa viazi. Hapa ndipo naomba ukope mizani kwa jirani mwenye duka, hata kwa asubuhi moja. Pima kilo 10 za viazi vidogo unavyonunua kwa sababu ni rahisi, menya, toa vilivyooza na vyenye macho, kisha pima kilichobaki. Fanya hivyo hivyo kwa viazi vikubwa vya bei ya juu. Nikupe mfano wa hesabu. Vidogo ni 1,000 kwa kilo, umelipa 10,000 na umebaki na kilo 7 safi, kwa hiyo kilo safi imekugharimu kama 1,430. Vikubwa ni 1,100, umelipa 11,000 na umebaki na kilo 8.2, kilo safi ni kama 1,340. Vya bei kubwa vimekuwa rahisi, na umeokoa muda wa kumenya. Namba zako zitakuwa tofauti na hizi, ila zitakuambia ukweli ambao muuza gunia hatakuambia. Gunia likifika usiliache juani wala kwenye joto la jiko. Viazi vinataka giza na hewa. Vikipigwa na mwanga vinageuka kijani, na hicho kijani ni dalili ya sumu, kinakatwa na kutupwa.

Maganda safi ni mali. Mfugaji wa nguruwe au wa ng'ombe wa mtaani kwenu anayahitaji kila siku. Kama hataki kutoa pesa, mkubaliane akuletee kitu au akuchukulie na taka nyingine ambazo unalipia. Yale ya kijani usimpe.

Kuhusu mkaa wenyewe, fanya jaribio la wiki moja moja. Wiki ya kwanza andika pesa yote ya mkaa na idadi ya sahani ulizouza, gawanya. Wiki ya pili azima jiko na mtungi wa gesi, fanya hesabu ileile. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, kwa hiyo mimi sitegemei mkaa ushuke bei. Lakini uamuzi wako uutoe kwenye gharama ya sahani moja, usiutoe kwenye maneno ya watu, hata yangu.

Mama Stoo, habari za kazi. Nina genge la nyanya, vitunguu na mboga hapa Dodoma. Nilichukua mkopo wa 300,000, narudisha 13,000 kila siku kwa siku 30. Nikimaliza nachukua mwingine, ndivyo tunavyoishi wengi hapa. Naona gharama yangu kubwa ni bajaji ya kutoka sokoni, 2,000 kila siku. Je, nianze kupanda daladala na matenga yangu?
*Mama wa genge, Dodoma*

Nzuri dada yangu, na pole kwa kuhangaika. Bajaji siyo gharama yako kubwa. Chukua kalamu.

Siku 30 mara 2,000 ni 60,000 kwa mwezi. Mkopo wako: 13,000 mara 30 ni 390,000. Ulipokea 300,000. Umelipa 90,000 kwa kukaa na pesa ya mtu mwezi mmoja, nusu tena zaidi ya unachompa mwenye bajaji, na mwenye bajaji angalau amekubebea mzigo.

Na bado hapo hujaona yote. Hizo 300,000 hukukaa nazo mwezi mzima. Ulianza kuzirudisha kesho yake. Ikifika siku ya 15 umesharudisha 195,000. Kwa wastani, mwezi ule ulikuwa na kama 150,000 tu za mkopeshaji mkononi, na kwa hizo umelipa 90,000. Hiyo ni riba inayokaribia asilimia 60 kwa mwezi. Mtaani tunaiita kausha damu na tunacheka, lakini nimewaona wanawake wenye akili nyingi na mikono ya kazi wakifanya biashara miaka yote kwa ajili ya mkopeshaji, wao wenyewe wakibaki na uchovu. Inanikera sana, na nitaendelea kuiandika.

Benki Kuu imeweka kikomo kwa watoa mikopo midogo wenye leseni wasiopokea amana: riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Linganisha na 90,000 zako. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekuja na fomu na tabasamu ni leseni yake iko wapi. Swali la pili: nikijumlisha ada ya fomu, bima na kila tozo mliyoipa jina, narudisha shilingi ngapi zote? Asipotaka kuandika jumla hiyo kwenye karatasi, mwache aende zake.

Kutoka huko kuna njia, na haihitaji muujiza. Huu mkopo ulio nao umalize. Usichukue unaofuata. Najua utaniuliza mzigo utanunua na nini. Kwa wiki mbili tatu punguza aina za bidhaa. Baki na zile zinazoisha siku hiyo hiyo, nyanya, vitunguu, mchicha, na uache kwa muda zile zinazolala kwenye meza zikisinyaa. Ongea na mkulima au mchuuzi wa jumla anayekujua akupe sehemu ya mzigo kwa mali kauli, ulipe jioni ukishauza. Mtu uliyenunua kwake mwaka mzima bila kumsumbua atakusikiliza. Na ile 13,000 uliyozoea kuitoa kila siku, toa 5,000 tu, ziweke kwenye kibubu au kwenye simu kwa laini usiyoitumia. Siku 60 ni 300,000, mtaji wako mwenyewe usiodaiwa na mtu.

Kama kuna kikoba chenye katiba na daftari linalosomwa mbele ya wote, ingia. Riba unayolipa kule inarudi kwenu mkigawana mwisho wa mzunguko. Na zipo fedha za halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu, ikarejeshwa katika mwaka wa fedha wa 2024/25. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye mlango. Nenda wewe na wenzako wa hapo sokoni, msiende mmoja mmoja, na msiende siku mtakayokuwa mmekwama. Utaratibu unachukua muda.

Halafu bajaji. Usipande daladala na matenga, nyanya zitakazopondeka zitakula ulichookoa. Mwenye genge la jirani naye anakwenda sokoni alfajiri ile ile, pandeni bajaji moja. Hapo umepata 30,000 kwa mwezi bila kuponda kitu.

Mama Stoo, mimi ni fundi cherehani Mwanza, nina cherehani tatu za umeme na vijana wawili. Luku inakwisha kama maji. Vitambaa na nyuzi pia vinanipa hasara. Nitabana wapi?
*Fundi, Mwanza*

Fundi, nenda sasa hivi chini ya meza zako utazame mota. Cherehani nyingi za kiwandani zilizoingia nchini zamani zina mota ya klachi. Ukiwasha swichi inazunguka na kuvuma muda wote, fundi awe anashona au anapima shati au anapiga soga na mteja. Mota ya kisasa ya servo inavuta umeme pale tu mguu unapokanyaga. Inafungwa kwenye cherehani hiyo hiyo, huhitaji kununua mashine mpya. Anza kubadilisha ile inayotumika zaidi, na kabla ya hapo andika uniti za wiki nzima ili uone tofauti kwa macho yako. Mpaka upate hela ya mota, wafundishe vijana kuzima swichi kila wanapoinuka.

Umeme wa biashara ndogo wa kundi la T1 ni shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, unafika kama 356. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme kwa saa nzima inakula uniti moja. Pasi inayowashwa asubuhi na kuachwa imesimama hadi jioni ili "iwe tayari" ndiyo inayokumaliza. Kusanya nguo za kupiga pasi ya mwisho mara mbili kwa siku, mchana na jioni. Pasi ya mishono ya ndani, nyingi unaweza kuibana kwa kucha au kwa kipande cha mti laini, mafundi wa zamani walifanya hivyo na nguo zao bado zimenyooka.

Vitambaa. Kama una oda ya sare za shule, na Januari huwa unazo, usikate shati moja moja. Panga vipande vya mashati kadhaa kwenye kitambaa kimoja kwa chaki kabla ya mkasi, mikono ijaze nafasi kati ya migongo, kola na mifuko iingie kwenye pembe. Chora michoro ya saizi zako kwenye karatasi ngumu, itundike ukutani, vijana waitumie. Hapo utaona kitambaa kinachobaki kinatosha shati jingine. Uzi mweupe, mweusi na rangi za sare nunua wa koni kubwa. Rangi za kupita nunua kidogo. Sindano butu itupe, inakata uzi na kuvuta kitambaa, na kitambaa cha mteja ukikiharibu unakilipa chote.

Vipande vinavyobaki kwenye jora lako mwenyewe vishone vibana nywele, mifuko ya simu, vishikio vya sufuria, hata viraka vya mto. Vipo vya kutosha kulipa uzi wa mwezi. Lakini kitenge alicholeta mteja, kinachobaki ni chake. Mrudishie kimekunjwa. Mafundi wengi hawafanyi, na ndiyo maana atakayefanya atakumbukwa.

Shangazi, nina saluni ndogo Arusha na wasichana wawili. Kodi ya fremu imepanda. Nawaza kumwondoa mmoja, au kuwakata wote 30,000 kwa mwezi. Nishauri.
*Mwenye saluni, Arusha*

Usiwakate. Msichana anayesuka vizuri ndiye anayewaleta wateja, wengi wao wanamfuata yeye, hawafuati bango lako. Ukimkata 30,000 atakwenda saluni ya pili kutoka kwako na kitabu chake cha namba za simu. Na hata asipoondoka, kumpunguzia mtu riziki ili kulipa pango la mwenye nyumba sikubaliani nalo, nakuambia wazi.

Gawana fremu badala yake. Kuna fundi wa kucha anayezunguka na kikapu mtaani kwenu, kuna anayepamba maharusi, kuna anayeuza mawigi. Mpe kona, kiti na kioo, akulipe sehemu ya kodi kwa mwezi, mwandikiane karatasi inayosema nani analipa umeme kiasi gani na nani ana ufunguo. Wateja wake watasuka kwako, wako watapaka kucha kwake.

Halafu kaa chini na hao wasichana wawili. Waulize ni nini kinapotea saluni. Watakuambia shampuu inamiminwa kutoka dumu la lita tano bila kipimo, dawa ya nywele inafunguliwa kopo jipya wakati la jana halijaisha, maji yanachemshwa upya kwa kila kichwa wakati chupa ya chai ingeyashika moto asubuhi nzima. Nunua chupa ndogo za kubonyeza, jaza kila asubuhi. Kila kinachookolewa mwezi huo, wagawie sehemu. Utashangaa watakavyokuwa walinzi.

Mama Stoo, nina duka la rejareja Tanga, friji mbili za soda na maji. Umeme unakula faida yote. Nizime friji usiku?
*Mwenye duka, Tanga*

Kabla ya kuzima, hebu fungua hizo friji mbili. Nakisia zote ziko nusu. Jaza moja, ya pili izime na uiwashe msimu wa joto au wa Ramadhani jioni, wakati watu wanaifuata baridi. Tofauti utaiona wiki ya kwanza.

Ile inayobaki isogeze mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana, iache nafasi nyuma ipumue, na ule wavu wa nyuma uufute vumbi. Bana noti kwenye mlango ukiwa umefungwa. Ikichomoka bila kukwama, mpira umechoka, ubadilishe. Barafu iliyoganda ndani iyeyushe. Mzigo mpya wa soda za moto uingize usiku ukifunga, mchana mlango unafunguliwa kila dakika na friji haipumziki. Kama ndani kuna soda na maji tu, kuzima saa chache za usiku hakuna ubaya, chupa zilizojaa zinashika baridi. Kama unaweka maziwa, mtindi au nyama, usithubutu.

Na taa ya nje inayokesha. Balbu ya zamani ya wati 60 kwa saa 12 kila usiku inakula uniti 21.6 kwa mwezi, karibu 7,700 kwa bei ya T1. Ya LED ya wati 9 inakula uniti 3.24, kama 1,150. Inajilipa yenyewe ndani ya mwezi.

Mama Stoo, nauza vifaa vya simu kibandani hapa Njombe. Wenzangu wananiambia nisiandike daftari la mauzo, maana TRA wakiliona watanitoza zaidi. Ni kweli? Kwa siku nauza kama 25,000, nafungua siku 26 kwa mwezi.
*Muuza vifaa vya simu, Njombe*

Ni kinyume chake, mdogo wangu, na wenzako wanalipa kwa kutokujua. Hesabu yako kwanza: 25,000 mara 26 ni 650,000 kwa mwezi, mara 12 ni 7,800,000 kwa mwaka.

Kwa mfanyabiashara mdogo binafsi, viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa mwaka 2019 viko hivi. Mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4, hakuna kodi hiyo. Yanayozidi milioni 4 hadi 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Yanayozidi milioni 7 hadi 11, asiye na kumbukumbu ni 250,000, na mwenye kumbukumbu ni 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7.

Wewe bila daftari: 250,000. Wewe mwenye daftari: 90,000, ongeza asilimia 3 ya 800,000 ambayo ni 24,000, jumla 114,000. Daftari limekuokolea 136,000. Na huenda limekuokolea zaidi, kwa sababu hiyo 25,000 ni ya kukisia. Kuna siku za mvua, kuna siku za msiba, kuna Jumanne ambazo hauzi hata kava moja. Ukiandika kila siku ukakuta mwaka mzima uliuza 6,900,000, kodi inakuwa asilimia 3 ya 2,900,000, yaani 87,000. Asiye na daftari hana cha kumwonyesha afisa isipokuwa mdomo wake, na mbele ya meza yake mdomo haubishani na makadirio.

Nunua daftari la kaunta. Kila ukurasa tarehe, ulichouza, bei uliyonunulia, bei uliyouzia. Risiti za manunuzi zibane kwa pini kwenye ukurasa wa siku hiyo. Usiku kabla ya kufunga jumlisha, hata kama umechoka. Kodi unaweza kuilipa kwa awamu nne za mwaka, kwa hiyo tenga kila wiki, usisubiri. Kila Julai bajeti mpya inapoanza kutumika, pita ofisi ya TRA ya mkoa uulize kama viwango vimeguswa. Kuuliza ni bure, na nenda na daftari lako mkononi.